Walitaka kuziba njia yangu ya uani

Jumanne, jioni. Mvua ilinyesha kidogo mchana, ya kulowesha nguo za kwenye kamba tu, halafu ikaacha. Nina hasira, lakini imeanza kupoa. Nimekula, nimeoga, miguu nimeiweka juu ya stuli.

Leo tulikuwa na kikao cha mudugudu. Kwa nyinyi mlioko Karagwe na Bukoba ambao hamjui mambo ya huku: mudugudu ndio mtaa wetu, nyumba hizi za upande huu wa mlima wa Rebero, na watu wanakutana kusema matatizo yao mbele ya kamati. Si bunge. Ni uwanja wa shule ya chekechea, watu wazima tumekalia mabenchi ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Lakini wakisema pale ukate majani, utayakata.

Wengine wanaenda kusikiliza. Mimi naenda kusema.

Mkuu wetu ni Callixte. Nimemjua tangu anajenga, hana hata choo, anaazima changu. Sasa anatembea na kalamu mbili mfukoni. Si mtu mbaya. Anasikiliza. Ila anapenda kusema "twende haraka" halafu anazungumza peke yake mpaka watu wanasinzia. Leo alifungua kwa kusema wakaguzi wa usafi watapita mitaa yote, na yeye hataki kuaibishwa.

Aibu ipo, nikamwambia. Haihitaji mkaguzi kuiona.

Tulianza na majani ya mbele ya nyumba. Kila mtu mbele ya uzio wake anatakiwa awe na pasparumu, yale majani mafupi yanayotandaa kama mkeka. Kuna mama mmoja aliyang'oa akapanda mchicha. Watu wakamcheka. Nikasimama. Nikasema mchicha wa mama huyu ni msafi kuliko pasparumu ya wanaume fulani wa mstari wa mbele, ambayo imejaa vifuniko vya bia, na nikawaangalia mmoja mmoja. Hawakucheka tena. Hata hivyo mama ameambiwa aung'oe mchicha wake. Nimemwambia aulete kwangu, nitauhamishia uani, aje achume akitaka. Sheria ni sheria, lakini mboga hazina kosa.

Ikaja habari ya maji ya mabati. Mtu anajenga juu, anaweka bati jipya linalong'aa, hanunui tangi, hachimbi shimo, maji yote yanamshukia jirani wa chini. Mlima huu una nyumba kama ngazi, kila mmoja yuko juu ya kichwa cha mwenzake. Yule kijana mwenye nyumba ya ghorofa akajitetea kwamba fundi bado hajamaliza. Nikamuuliza fundi gani huyo ambaye amemaliza televisheni ukutani na hajamaliza mfereji wa bati. Akakaa.

Nimesema haya yote ili mjue kwamba mpaka hapo mimi nilikuwa upande wa kamati. Mimi napenda mtaa safi. Uwanja wangu naufagia kabla jua halijatoka, na kipande cha barabara cha mbele yangu nafagia mpaka katikati kama tunavyotakiwa, na mara nyingi navuka katikati kwa sababu wa ng'ambo ni mvivu.

Halafu wakafika kwenye nyua.

Huku bado tuna nyua za minyaa, ile miti yenye maziwa meupe, ukiikata yakakuingia jichoni utalia siku nzima. Nyua hizo zina matundu. Si matundu ya kuharibika. Ni matundu ya makusudi. Kwa Kinyarwanda njia hiyo inaitwa icyanzu. Zamani kila boma lilikuwa na mlango wa mbele wa wageni na upenyo wa nyuma wa majirani. Mbele unabisha hodi unasubiri. Nyuma unapita tu, umeshika kaa la moto au chumvi, na hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Waliokulia hapa wanalijua jambo hili. Sisi tuliokulia Tanzania tuliambiwa na mama zetu, tukarudi tukalikuta.

Bwana wa usalama, mwanajeshi mstaafu, mtu wa maneno machache, akasimama akasema mitungi ya gesi imeibwa nyumba mbili, na wezi walipita kwenye matundu hayo wakatokea barabara ya chini. Kamati inaona yote yazibwe. Mwenye uwezo ajenge ukuta, asiye na uwezo apande minyaa upya iwe minene.

Watu wakanung'unika. Callixte akasema basi, tusionee mtu. Kila mwenye njia asimame, aseme inakwenda kwa nani na anaitumia kufanya nini. Yenye sababu itabaki, itawekwa mlango. Isiyo na sababu itazibwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Na mimi nina njia.

Sasa niwaeleze. Nyuma yangu, ng'ambo ya minyaa, kuna nyumba kubwa ya kijana anaitwa Moses. Aliinunua kwa mzee tajiri aliyehamia kwa wanawe. Uani kwa Moses kuna chumba kimoja, na ndani ya chumba hicho anakaa mzee ambaye aliendesha malori ya yule tajiri miaka yote. Wakati wa kuuza, tajiri alimwomba Moses amwache dereva wake pale mpaka Mungu amchukue, na Moses akakubali. Hapo nampa heshima yake. Wengine wangemtoa.

Mzee huyo nitamwita Rama. Jina lake silo. Ni Mwislamu, mkewe alikufa zamani, binti yake yuko Goma na habari zake hazifiki. Alikuwa akitoka Mombasa mpaka Bujumbura na lori lake, na ndiye mtu pekee mtaa huu ninayezungumza naye Kiswahili mpaka nikacheka. Kile chake kina Mombasa, kina Kongo, kina matusi ya mizani ya barabarani. Mtu wa maneno. Mtu wa kunyoosha pasi shati lake.

Mwaka jana niliona moshi hautoki tena uani kwake. Siku ya kwanza nikasema labda amekwenda Nyamirambo kwa ndugu zake. Siku ya pili nikasikia akikohoa. Nikapenya kwenye minyaa nikamkuta amekaa kitandani, miguu imevimba kama mikate, mikono inatetemeka, anachovya mkate mkavu kwenye maji. Akaficha kikombe nyuma yake. Mtu mzima, anaficha kikombe kama mtoto.

Mimi ni mkali lakini si mjinga. Sikumwambia neno. Nilirudi kwangu, nikachukua sufuria ya ndizi na maharage iliyokuwa jikoni, nikamrudia. Nikamwambia: "Mzee Rama, pua yangu imeziba, sisikii ladha. Nionjee kama chumvi imetosha."

Akaonja. Akaonja yote.

"Imetosha, Bi Vere," akasema.

Tangu siku hiyo ananionjea. Asubuhi uji, jioni chakula. Pua yangu haijapona mpaka leo. Na sufuria hairudi tupu, kwa sababu ana adabu za watu wa zamani: mara malimau, mara mchaichai aliopanda kwenye debe, na siku moja ilirudi na mkono wake wa kifuniko, uliokuwa umelegea, umekazwa vizuri.

Mtasema, kwa nini usizunguke kwa geti? Nilizunguka. Siku moja tope lilizidi nyuma, nikashuka barabara ya mawe na sufuria yangu, nikabisha getini. Mlinzi akafungua, na kabla sijasema lolote akapaza sauti watu wote wa barabarani wasikie: "Mzee, chakula chako kimeletwa!"

Rama hakufungua mlango. Nilibisha, nikasema ni mimi, nikasema kinapoa. Nilirudi na sufuria vilevile ilivyokuwa. Kesho yake tope halikuwa limekauka lakini nilipita nyuma, nikaanguka, nikachafuka mpaka kwenye kitambaa cha kichwa, na ndipo akaonja.

Kwa hiyo njia hii ikizibwa, mzee huyu hali. Ni hivyo tu. Hakuna maneno mengine ya kuongeza.

Na pale kwenye benchi la watoto nikawa nasikiliza wenzangu wakisimama. Mmoja anapita kuchota maji ya bomba. Ibaki. Mwingine anapita kwenda kumwogesha mama mkwe wake. Ibaki. Mmoja hakujua hata njia yake inakwenda wapi. Izibwe. Mimi huku natafuta uongo, na uongo haukuja. Nimezoea kusema ukweli kwa sauti, ndiyo shida yangu, sina mazoezi.

"Mukecuru Verediana," Callixte akasema. Mukecuru ni bibi, wanatuita hivyo kwa heshima. "Na wewe una njia."

"Ninayo."

"Inakwenda kwa nani?"

"Inakwenda nyuma, kwa Moses."

Moses akainua mkono. Amekulia Kampala, ana adabu za ofisini, anasimama kwanza na kufunga kifungo cha koti. "Mkuu, mimi mukecuru namheshimu sana. Lakini kwangu hapiti huko. Kwangu anakuja getini, kunigombeza juu ya mbwa."

Watu wakacheka.

"Na bado anabweka," nikamwambia.

"Nataka kujenga ukuta," Moses akaendelea, "na fundi ananiuliza tundu lile ni la nini, nami sijui nimjibu nini. Nyuma kule kuna chumba cha Mzee Rama tu."

Callixte akainua uso.

"Mzee Rama," akasema. "Kweli, hatujamwona muda mrefu. Mukecuru, ana shida? Kama unampelekea chakula sema tu, si vibaya, ni jambo zuri. Tumweke na wale wasiojiweza. Umuganda wa mwezi huu, tukimaliza kusafisha mfereji, twende wote tukamtembelee."

Na kalamu imeshatoka mfukoni.

Nilimwona Rama kichwani mwangu. Niliona Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, watu hamsini na majembe na buti za tope uani kwake, mmoja ameshika mfuko wa mchele, mwingine ameinua simu kupiga picha, Callixte anatoa hotuba, na Rama katikati na shati lake lililonyooshwa. Najua wangefanya kwa moyo mzuri. Callixte ana moyo mzuri. Lakini najua pia kwamba baada ya hapo asingeonja tena, wala changu wala cha mtu. Angewashukuru wote, angefunga mlango.

"Hana shida yoyote," nikasema.

"Sasa unapita kwenda kufanya nini?"

Nyuma yangu alikaa Mama Pasika. Tunaimba naye kwaya, mimi sauti ya pili, yeye anadhani anaimba ya kwanza. Akasema kwa sauti ya kusikika: "Mwacheni jamani, labda anafundishwa kuendesha lori!"

Uwanja ulilipuka. Wanaume walipiga mapaja. Hata bwana wa usalama, ambaye sijawahi kuona meno yake, niliyaona.

Na mimi hapo hapo nikaona njia imefunguka mbele yangu, pana, imefagiwa. Kilichobaki ni kupita tu, na kichwa juu.

Nikageuka nikamwangalia Mama Pasika. Nikageuka nikamwangalia Callixte.

"Mimi ni mjane," nikasema. "Yeye mkewe alikufa. Pale hakuna mume wa mtu wala mke wa mtu. Callixte, kuna sheria ya mudugudu inayokataza?"

Mlipuko wa kwanza ulikuwa mchezo. Huu wa pili, mlinzi wa shule alitoka kwenye kibanda chake kuja kuangalia.

"Hapana," Callixte akasema. Ameona haya, mtu mzima mwenye watoto wanne. "Hapana, sheria hakuna, mukecuru."

"Basi andika."

"Niandike... niandike sababu gani?"

"Andika ni mambo yao wawili."

"Verediana!" Mama Pasika amesimama sasa, mkono kifuani. "Na kanisa?"

"Kanisa lina mlango wake. Hapa tunazungumza juu ya mlango wangu. Kaa chini, unawazibia walio nyuma."

Akakaa.

Bwana wa usalama akasema kwa sauti yake ya jeshini kwamba kwa upande wa usalama yeye haoni tatizo, njia ina watu wanaoilinda. Wakacheka tena. Moses, kijana yule, alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Kisha akasimama, akafunga kifungo, akasema atajenga ukuta wake lakini ataacha mlango mdogo wa chuma, ufunguo mmoja wa mukecuru na mmoja wa mzee, na fundi anakuja kesho kupima. Wakapiga makofi. Callixte akauliza nani anakubali, mikono ikapanda. Sijawahi kuona mikono mingi hivyo, hata siku ya kuomba taa za barabarani.

Ikapita.

Nimeandika haya hapa kwa sababu hapa ni Kiswahili. Mama Pasika hajui kama kuna kitu kinaitwa blogu. Moses, kwao Kampala, Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na wezi, anakijua cha kumfokea mbwa. Callixte anasoma Kinyarwanda na Kifaransa. Nyinyi mnaonisoma mko mbali, na Rama mwenye jina lake la kweli hamumjui. Lazima nimwambie mtu. Mtu hawezi kubeba jambo kama hili toka alasiri mpaka alale.

Kurudi nyumbani nilitembea peke yangu. Kwa kawaida tunapanda kilima pamoja, wanawake wa kwaya, tunapumzika kwenye kona ya duka. Leo walikuwa mbele yangu hatua chache na vichwa vyao vimekaribiana, na nilipofika kwenye kona walikuwa wameshapumzika wakaondoka. Mama mmoja tu alibaki, yule wa mchicha. Alinishika mkono akaniambia, "Mukecuru, umenifurahisha."

Nina wajukuu. Nina binti Gisenyi ambaye atapigiwa simu kabla sijamaliza kuandika hapa. Nilifiwa na mume wangu nikiwa na nguvu zangu, nikakataa wanaume wawili, mmoja ana ng'ombe, ili watu wasipate la kusema. Miaka yote hiyo sijawapa la kusema. Leo nimewapa lote kwa mkupuo mmoja, mbele ya benchi za chekechea.

Na niseme ukweli mwingine, maana nimeshaanza. Niliposema "ni mambo yao wawili" nilingoja aibu ije. Nilikaa nikaingoja. Haikuja.

Sijui kama ulikuwa uongo.

Jioni nilipika kama kawaida. Viazi na sombe, yaani kisamvu, na dagaa kidogo. Nilikuwa nimeamua sitamwambia Rama lolote, mpaka atakapoona mlango. Nilipenya kwenye minyaa na sufuria yangu nikamkuta amekaa nje kwenye kizingiti, si ndani kitandani. Amevaa suruali ya kutokea. Ameshika fimbo.

"Mzee Rama, nionjee hii sombe, naona kama..."

"Leo sionji, Bi Vere."

Nilisimama pale.

"Mlinzi wa geti amekuja," akasema. "Amekuja kunipa mkono wa hongera."

"Mpumbavu yule."

"Amenipa na sigara."

Hapo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, nikaweka sufuria chini nikampiga mgongoni, akaendelea kucheka na machozi yanamtoka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama kama mtu anayesubiri hukumu, na mimi hukumu huwa natoa, sisubiri.

Akatulia. Akafuta uso na leso.

"Umejiharibia jina."

"Jina langu limezeeka. Halina mnunuzi."

"Ungewaambia tu kwamba unanilisha."

Neno hilo. Mwaka mzima, asubuhi na jioni, hatujawahi kulitaja. Tumetaja chumvi, pilipili, mvua, mizani ya Mariakani, bei ya dizeli. Hilo hatujawahi. Alilisema polepole, ananiangalia, kama mtu anayeshusha mzigo wa lori gunia kwa gunia.

"Ningewaambia, wangekuja," nikasema.

"Wangekuja," akasema.

"Na mchele."

"Na simu zao."

Mbwa wa Moses alibweka, nikamfokea.

"Kula, kinapoa," nikamwambia.

Akachukua kijiko. Mikono ilitetemeka na leo hakunigeuzia mgongo. Nilikaa kwenye debe lililogeuzwa, nikamwangalia akila tangu mwanzo mpaka mwisho, jambo ambalo sijawahi kufanya, kwa kuwa huwa najifanya naangalia mchaichai. Alipomaliza hakusema chumvi imetosha. Alisema, "Ahsante. Nimeshiba."

Nikafunika sufuria. Nilikuwa nimeshasimama.

"Jumapili misa yenu ni saa ngapi?" akauliza.

"Ya nini? Wewe Mwislamu."

"Nitakupeleka mpaka mlangoni. Nitakaa nje kwenye benchi nikusubiri, tutarudi wote. Wamekusema wewe mbele ya watu, mimi nimejificha chumbani. Haifai."

"Na miguu hiyo?"

"Miguu hii imekanyaga klachi mpaka Bujumbura, Bi Vere. Kanisa liko hapo chini."

"Chini kwenda. Kurudi ni juu."

"Kurudi utanishika mkono. Si ndivyo walivyosikia?"

Nilimwambia aache upuuzi. Nilimwambia Jumapili iko mbali na mvua inaweza kunyesha. Nilimwambia shati lile la mistari lina doa kwenye kola, hawezi kulivaa mbele ya kwaya yangu, anipe nilifue. Akanipa. Liko hapa kwenye beseni, limelowekwa.

Kwa hiyo Jumapili Mama Pasika atakuwa na kitu cha kuangalia badala ya kitabu cha nyimbo. Binti yangu wa Gisenyi ameshapiga mara mbili, sijapokea. Nitapokea kesho. Sijui nitamwambia nini. Nikimwambia ukweli wa sufuria atautangaza, na nikimwambia ule wa kikaoni ataulilia. Na mimi mwenyewe, nikiulizwa na padre uso kwa uso, nitasema nini, kwamba naenda kuonjesha chumvi?

Tutaona. Kwanza la kesho.

Kesho fundi wa Moses anakuja kupima ukuta. Moses alisema mlango mdogo, wa kupita mtu mmoja. Mdogo hautoshi. Kwenda kanisani lazima tupite upande wangu, si getini kwa yule mlinzi, na mwenye fimbo anataka nafasi ya fimbo, na anayemshika mkono anataka nafasi yake. Nitaamka mapema nifagie, halafu niende nikasimame pale kwenye minyaa. Fundi huyo hatafungua futi yake mpaka nifike.